Mlango Nilioupandishia Bei

Makosa ni yangu. Nimejaribu kuyagawa: kidogo nimpe karani wa baraza, kidogo nimpe kontrakta wa Thika, kidogo hata shangazi yangu kwa kutonieleza mapema. Lakini kila nikiyagawa yanarudi kwangu yote. Kwa hiyo nawaandikia ninyi msionijua. Wanaonijua wamekwisha kunisamehe kwa mdomo, na mimi nayaona macho yao.

Nilipandisha bei ya mlango. Mlango wa mbao, wa nyumba ya mtu, siku ya mnada wa baraza la mji pale Ruiru. Sikuutaka. Sina nyumba ya kuutia. Niliupandisha bei ili nione kitatokea nini.

Sasa nieleze ulikuwa mlango wa nani.

Ulitengenezwa na seremala mmoja wa upande wa Gatongora, aliyekuwa akifanya kazi katika shamba la kahawa la mzungu. Nitamwita Karanja, ingawa si jina lake. Serikali ya wakoloni ilipotangaza Hali ya Hatari, Karanja alichukuliwa akapelekwa kambi ya kizuizini. Aliwaacha mkewe na binti yao mmoja, Nyambura, mtoto ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Baba akiwa hayupo, mtoto akaingia shule ya kanisa, akajua herufi. Siku moja akapasha msumari motoni, akaushika kwa kitambaa, akachoma maneno upande wa ndani wa mlango wa nyumba yao. Aliandika "Murango wa Baba". Murango ndiyo mlango kwa Kikuyu chetu. Mama yake alipotaka kumchapa kwa kuharibu mbao, mtoto akamwambia, "Ni ya baba asome akirudi."

Kisha amri ikatoka watu wahamie vijiji vipya, na nyumba za zamani zibomolewe. Mabati mazuri na milango mizuri ikachukuliwa, ikaenda kujenga kituo cha homgadi, wale walinzi wenyeji waliopewa silaha na serikali. Huko kijijini, nyumba zikiwa zimebanana na maji ni ya kugombania, Nyambura alishikwa na homa ya matumbo, akafa. Hakuna picha yake. Hakuna nguo yake iliyobaki. Kitu pekee duniani ambacho mkono wake ulikiacha ni yale maneno, na baba yake alikuwa hajayaona. Hakujua hata kwamba mtoto wake alijifunza kuandika.

Baadaye mambo yalipotulia kidogo, kituo cha homgadi kikavunjwa. Mbao na mabati yakarundikwa katika uwanja wa baraza. Baraza likaketi, likaamua kwamba hiyo ni mali ya ziada, iuzwe kwa mnada.

Ziada. Nimelitazama neno hilo sana tangu siku hiyo. Ziada ya nini? Kila mlango katika lile rundo ulikuwa umepungua katika nyumba ya mtu.

Lakini siku ile sikuwaza hivyo, kwa sababu hayo yote niliyowaeleza sikuyajua. Mtaniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa Kampala, chuoni. Nilizaliwa Thika mjini, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako watoto wa makabila yote tulicheza pamoja na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya uani. Miaka mibaya ilipita nikiwa upande wa pili wa ziwa, nikisoma habari za kwetu kwenye magazeti kama mtu anayesoma habari za nchi nyingine.

Nilichorudi nacho kutoka chuoni ni maswali. Nilimuuliza mhubiri amejuaje. Nilimuuliza mwalimu wangu wa zamani kwa nini bado anafundisha vile vile. Nilimuuliza baba kwa nini anasema "ndiyo, bwana" kabla bwana hajamaliza kusema. Baba alinijibu, "Wewe ukiambiwa mvua inanyesha, utauliza nani ameshuhudia." Nikacheka. Nilidhani ni sifa.

Likizo ile nilikwenda Ruiru kukaa na shangazi yangu, dada yake baba, ambaye kwa Kikuyu tunamwita tata. Ni mjane, anauza uji karibu na stesheni, na hajui kusoma. Niliporudi kutoka matembezini jioni moja nikamwambia nimeona tangazo kwenye ubao wa baraza.

"Tata, baraza linauza vitu."

"Najua. Hata mbuzi wa hapa wanajua."

"Utakwenda?"

"Nitaenda. Na wewe ukitaka kuja, kuja na masikio. Mdomo utauacha hapa nyumbani, nitaufunika na sufuria."

"Kwa nini?"

"Unaona? Umeanza."

Alicheka, akakoroga uji wa kesho yake. Kisha akaacha kucheka.

"Baba," akaniambia, maana mimi nimepewa jina la baba yake, na akinipenda au akiogopa huniita hivyo. "Huko utaona watu wamenyamaza. Na wewe unyamaze. Ni hayo tu."

"Lakini mnada ni mahali pa kelele, tata. Watu wakinyamaza si mnada tena."

"Basi iwe si mnada. Wewe nyamaza."

Nilimwuliza tena kwa nini. Akaonyesha ukuta kwa kidevu. Ukuta wa kijijini ni fito na udongo, na upande wa pili hulala watu wengine. Watu wa pale walikuwa wamejifunza kwamba kusema "mlango ule ni wa kwa Karanja" ni kusema unakujua kwa Karanja, na aliyekujua kwa Karanja aliulizwa maswali mengine na askari. Kwa hiyo hawakusema. Walielewana bila kikao: kila mtu angesimama mbele ya kitu cha nyumba yake, angetaja bei ya chini, na wengine wote wangefunga midomo. Hivyo ndivyo wangenunua tena vilivyokuwa vyao bila kumshtaki mtu wala kujishtaki.

Mimi niliona mwanamke asiyesoma ananikataza kuuliza. Nikalala nimenuna, mtu mzima mwenye ndevu.

Siku ya mnada uwanja ulijaa. Karani wa baraza alisimama juu ya benchi. Alikuwa kijana mpole kutoka upande wa magharibi, amehamia Ruiru juzi tu, na hakujua nani ni nani. Afisa mzungu wa baraza aliketi kwenye kiti kivulini mwa gari lake, akisoma gazeti. Pembeni walisimama wafanyabiashara wachache kutoka Thika, waliokuja kutafuta mbao.

Mwanzo ulikuwa wa furaha, na hilo ndilo lililonipoteza zaidi. Yalipouzwa meza za zamani za ofisi, watu walipigiana kelele. Likatolewa toroli lisilo na gurudumu.

"Hiyo ni ya kubeba nini?" mmoja akauliza.

"Ya kubeba mama mkwe wako. Hatafika haraka."

Hata karani alicheka. Toroli likapandishwa bei mpaka aliyelinunua akaanza kusikitika.

Halafu ikaja zamu ya mabati, madirisha na milango, na uwanja wote ukanyamaza kama kanisani wakati wa kuombea mgonjwa.

Mzee mmoja alitaja bei ya dirisha. Karani akauliza, "Kuna mwenye neno zaidi?" Kimya. Likawa lake. Mwanamke akataja bei ya mabati manne yaliyotoboka. "Kuna mwenye neno zaidi?" Kimya. Yakawa yake. Watu waliotukanana kwa toroli bovu sasa walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao.

Nikajisemea, nimewashika. Chuoni tulikuwa tumesoma habari za wanunuzi wanaokula njama wasishindane, ili mali ya umma iende kwa bei ya kutupwa. Nikaona njama mbele ya macho yangu, na mzungu na gazeti lake haoni, na karani haoni, ila mimi. Niliwaza kwamba mtu lazima autetee umma. Sikujiuliza umma ni nani. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza, na umma wenyewe ulikuwa umesimama pale umeshika fedha zake kwenye ncha za leso.

Nilisogea kutazama milango iliyoegemezwa ukutani. Mmoja ulikuwa na maandishi. Niliyasoma kwa sauti, na kwa kuwa nilikuwa nafikiri kwa Kiswahili niliyasoma kama Kiswahili kilichokosewa.

"Murango," nikamwambia mzee aliyekuwa karibu nami. "Wanauza mlango, na kuuandika hawajui."

Nilicheka. Yule mzee hakucheka. Alitazama viatu vyangu.

"Hicho ni Kikuyu, kijana," akasema, akaondoka.

Ningalikuwa na akili ya kawaida ningaliona haya, nikanyamaza siku nzima. Lakini haya ikinipata mimi hugeuka ubishi. Tangu utotoni niko hivyo.

Mlango ule ukaletwa mbele. Mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha buluu kichwani akatoka kati ya watu. Alitaja bei kwa sauti ndogo hata karani akamwomba arudie. Akarudia.

"Kuna mwenye neno zaidi?" karani akauliza.

Nikainua mkono. Nikaongeza shilingi moja.

Sijui niwaelezeje kilichotokea. Hakuna aliyepiga kelele. Karani alifurahi, maskini, akajua kazi yake inaendelea. Mzungu alishusha gazeti, akanitazama kwa mara ya kwanza, akainamisha kichwa kunipongeza. Nyuma yangu nikamsikia tata akisema, "Baba." Mara moja tu, polepole.

Yule mwanamke akageuka kunitafuta. Nilidhani nitaona hasira ya mtu aliyekamatwa katika njama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia lugha asiyoijua. Alinitazama kama anayesubiri nimweleze. Kisha akaongeza shilingi yake.

Na mimi nikaongeza tena.

Hapo ndipo ninapotaka mnihukumu. Mara ya kwanza nilikuwa nauliza swali. Nilikuwa mjinga, lakini nilikuwa nauliza. Mara ya pili nilikuwa nimekwisha kuuona uso wake, na kitu ndani yangu kilikuwa kimeniambia niache. Niliongeza kwa sababu nilikuwa nimeanza, na watu walikuwa wananitazama.

Alifungua fundo la leso, akatazama ndani, akalifunga. Mzee wa dirisha akamwendea, akamtia fedha mkononi. Mwanamke mwingine naye akamtia. Baadaye ndipo nilipojua kwamba fedha zile kila mtu alikuwa amezileta kwa ajili ya mlango wake mwenyewe. Mwanamke akaongeza tena, na sasa mimi nikanyamaza, maana mfukoni sikuwa na kitu. Nilikuwa nashindana na fedha nisizokuwa nazo.

Lakini kutoka pembeni sauti nyingine ikataja bei. Alikuwa mmoja wa wale wafanyabiashara, kontrakta anayejenga magodauni Thika. Muda wote alikuwa amesimama kimya. Akataja bei kubwa, kama mtu anayetaka kumaliza, na watu hawakuwa na cha kumtilia tena yule mwanamke mkononi.

"Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu," karani akasema.

Tangu hapo kimya kikavunjika. Wafanyabiashara wote wakaanza kutaja bei. Milango iliyobaki na mabati yaliyobaki yakapanda lori la kwenda Thika. Watu waliokuja na fundo la leso wakarudi nalo.

Njiani tata alitembea mbele yangu. Tulipofika aliweka uji motoni, akaniletea kigoda, mimi mwenyewe, kana kwamba mimi ni mgeni.

"Ulikuwa unauliza kwa nini," akasema. "Sasa kaa nikuambie kwa nini."

Akanieleza. Hakuongeza wala kupunguza. Alinieleza habari za seremala, na za msumari, na za homa. Alinieleza kwamba mama yake Nyambura hajui kusoma, lakini kabla nyumba haijabomolewa alikuwa akipitisha kidole juu ya yale maneno kila akifunga mlango jioni. Alisema habari zimefika kwamba Karanja anakaribia kuachiliwa, na kwamba mwanamke yule alikuwa ameweka fedha tangu mavuno yaliyopita, kwa kuchuma kahawa, apate kumpokea mumewe na kitu kimoja kutoka kwa mtoto wao.

"Ungeniambia jana, tata."

"Ningekuambia, ungenyamaza?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikakumbuka nilivyoongeza bei mara ya pili, nikashindwa.

"Nilikuomba unyamaze bila kujua," akasema. "Nilitaka kuona kama unaweza kufanya kitu kwa sababu mimi nimekuomba tu."

Asubuhi niliazima baiskeli nikaenda Thika. Nilipanda na kushuka ile barabara ya vumbi jekundu nikipanga maneno. Ningemweleza kontrakta ukweli wote. Ningemwachia saa yangu ya mkononi. Ningemwandikia hati ya deni. Kila nilivyopanga niliona mlango wenyewe umeegemezwa mahali, unanisubiri.

Uwanja wa kontrakta ulikuwa karibu na mto, penye viwanda vipya. Aliponiona alinyoosha mikono yote miwili.

"Kijana wa Ruiru! Kuja, kuja. Leteni chai hapa. Huyu ndiye aliyenifungulia mnada."

"Bwana, nimekuja kwa ajili ya ule mlango."

"Wewe ulinitoa aibu, unajua? Mimi nimekwenda minada ya baraza mingi. Wale watu wakinyamaza, hata mimi nashindwa kusema. Sijui ni nini. Naona kama nitakuwa nimekojoa kwa madhabahu. Halafu nikasikia kijana wa shule, wa kwao wenyewe, anasema shilingi. Nikasema, ah, kumbe inawezekana."

Alinisifu hivyo, akiwa na nia njema kabisa. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kunitukana vile.

"Mlango, bwana."

"Mlango gani? Mimi sinunui milango. Nanunua mbao."

Akanipeleka nyuma. Mafundi wawili walikuwa wakitengeneza maumbo ya kumwagia simiti. Milango yote ilikuwa imefumuliwa ubao mmoja mmoja, na kila ubao ulikuwa umepigwa randa ili simiti isishike. Mbao zilikuwa safi, nyeupe, zinanukia kama zimekatwa msituni asubuhi ile. Chini maranda, ile mikunjo myembamba ya mbao iliyorandwa, yalikuwa yamefika hadi kifundo cha mguu.

Nilipiga magoti nikaanza kuyachambua. Mafundi walicheka.

"Msomi, umepoteza kalamu?"

Nilipata randa moja lililojikunja, lenye mstari wa kahawia uliochomwa. Ungeweza kuwa mguu wa herufi yoyote. Ungeweza kuwa alama ya sufuria ya moto. Nilitafuta mengine. Fundi mkubwa akaacha kucheka, akainama akanisaidia, bila kujua tunatafuta nini. Hatukupata kitu kingine. Maranda mengi, akasema, mpishi alikuwa amekwisha kuyachukua kuwashia moto, na chai niliyokaribishwa ilichemshwa kwayo.

Fundi mkubwa alikumbuka ni rundo lipi lililotoka kwenye mlango wenye alama za kuungua, na kontrakta akanipa mbao zake. Hakutaka saa yangu. Nilizifunga kwenye baiskeli, nikaisukuma kwa miguu hadi Ruiru, nikazipeleka kwa mama yake Nyambura.

Nilimweleza yote. Sikujificha nyuma ya neno lolote. Aliniacha nikamaliza, kisha akapitisha kiganja juu ya ubao wa kwanza, wa pili, na kila uliofuata, polepole, juu hadi chini. Alikuwa akitafuta. Mbao zilikuwa laini kila mahali.

"Mbao ni zenyewe," akasema. "Karanja alizichagua mwenyewe. Umefanya vizuri kuzileta."

Nilimwomba anitukane. Aliniuliza kama nimekula.

Nilirudi chuoni, na likizo iliyofuata nikakuta Karanja amefika. Walikuwa wamepewa kipande chao cha ardhi na wanajenga nyumba huko, nje ya kijiji. Nilitaka kupita mbali, lakini Karanja mwenyewe alituma neno kwa tata kwamba niende.

Nilikuta mtu mfupi, mvi kichwani kabla ya wakati wake, mikono mizito ya kazi. Alikuwa ametengeneza mlango mpya kwa zile mbao. Ulikuwa umelazwa juu ya farasi wawili wa seremala, vile vihimili vya mbao vyenye miguu minne, bado haujatiwa bawaba. Kando yake palikuwa na jiko la makaa, na ndani ya makaa msumari mrefu. Nilijua mara moja kwa nini nimeitwa.

"Wewe ndiye ulisoma?" akaniuliza. Hakuwa na ukali.

"Ndiyo, baba."

"Mama yake hajui herufi. Tata yako hajui. Wale wazee waliokuwa hapo hawajui, walisikia tu ukisoma. Katika watu wote walio hai nimeambiwa wewe ndiye uliyesoma maandishi ya mtoto wangu."

"Nilisoma."

"Maneno nimeambiwa. Maneno hata mimi naweza kuandika, nilijifunza kambini. Nataka vile alivyoandika yeye. Mkono wake." Akachukua msumari kwa koleo, akaufunga kitambaa kichwani, akaniwekea mkononi. "Mahali alipoanzia. Ukubwa wake. Kama alipinda, pinda. Kama kuna herufi ilitazama kando, iache itazame kando."

Niliinama juu ya mlango na msumari unatoa moshi, na sikujua.

Nilifunga macho nikajaribu kuuona ule mlango ukutani pa baraza. Niliona ukuta. Niliona viatu vyangu. Nilisikia kicheko changu. Sikuona kama herufi zilikuwa kubwa au ndogo. Sikuona kama maneno yalikwenda sawa au yaliteremka. Niliyatazama kwa muda wa kutosha kuyacheka tu, kisha nikawageukia watu nione kama nao wanacheka.

Msumari ukapoa. Karanja akauchukua, akaurudisha kwenye makaa.

"Usiogope. Utapoa tena, tutaupasha tena."

Akanipa tena. Nikaweka ncha karibu na ubao, nikaiondoa. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba isiyo na mlango. Akasema kwa sauti yake ile ndogo kwamba maneno yalikuwa usawa wa tumbo lake, hapa, na yalikuwa marefu kama hivi. Akaonyesha kwa viganja viwili. Ni hayo tu aliyoweza kunisaidia.

Ningeweza kubuni. Naikiri hata hiyo dhambi, kwamba niliifikiria. Ningeandika herufi za kitoto, nikapindua moja, na baba yake angepitisha kidole juu yake jioni zote za maisha yake. Nani angejua?

"Baba, sikumbuki," nikasema. "Sikutazama."

Nilisubiri hasira. Makaa yalilia kidogo, basi.

"Hukutazama," akasema, kama mtu anayerudia ujumbe apate kuuelewa.

"Nilikuwa nacheka."

Akachukua msumari kutoka mkononi mwangu, akauweka chini kwenye udongo upoe. Akamwita mkewe aje waushike mlango upande mmoja. Nikaushika nami upande wangu, na tukauinua tukautia mahali pake, mtupu, laini, mlango mzuri sana usio na neno lolote. Karanja alipiga misumari ya bawaba. Mkewe alipoufunga kujaribu, nikaona kidole chake kinapita juu ya ubao, usawa wa tumbo, na kurudi.

Wewe kijana mwenzangu uliyesoma, unayerudi kwenu na maswali, siwezi kukuambia uache kuuliza. Mimi mwenyewe sijaacha. Lakini ukifika mahali watu wenye midomo wameifunga, usiifungue ya kwako ili uonekane. Mwulize shangazi yako nyumbani, kwa sauti ndogo, na akikataa kujibu, mwamini siku moja. Na baraza likiuza kitu na kusema ni cha ziada, kitazame vizuri kabla hujataja bei. Kitazame hasa, kana kwamba kesho mtu atakuja kukuomba umweleze kilivyokuwa.

Mimi nimeombwa, na sikuwa na la kumpa.